Isale Nililolipeleka Sakina

Nimechoka kuulizwa manabii wa uongo tutawatambuaje. Watoto ninaowafundisha kipaimara kanisani huniuliza kila mwaka, na kila mwaka nawajibu vizuri, kwa aya na mifano, huku moyoni najisemea: mama wee, nyamaza tu. Kwa sababu mimi mwenyewe nilimkalia mmoja mstari wa mbele nikamwitikia amina, kisha nikampeleka kwake mdogo wangu wa tumbo moja.

Mdogo wangu ana kibanda cha vipuri vya pikipiki huko mjini Sakina, barabara ya Nairobi. Ameolewa siku nyingi, mtoto hana, na huku kwetu mlimani Nkoaranga walishaanza kumsema. Turubai la maombi liliposimamishwa jirani na kibanda chake, nilishuka kwanza nikamsikilize huyo mtumishi, maana najifanya mjuzi. Alitaja Maandiko sura na mstari bila kufungua kitabu. Hakupiga kelele, hakuwabana watu sadaka. Mimi nilizoea kwamba mwongo huja na suti inayong'aa na fujo nyingi. Huyu alivaa sweta. Nikamwambia mdogo wangu, "Nenda tu, huyu anaijua Biblia." Basi, nikaenda zangu kupalilia kahawa.

Miezi michache baadaye mtumishi akamwambia kwamba aliyelifunga tumbo lake ni mama mzazi.

Mama yetu, jamani! Mwanamke anayepeleka mkungu wa ndizi mnadani kila baada ya ibada, na akiona bei imekuwa ndogo anaununua mwenyewe ili sadaka isidhalilike. Huyo ndiye mchawi. Mdogo wangu akaacha kupanda nyumbani, simu ya mama akawa hapokei. Mama naye moyo umevimba, daktari kashamwambia, na anachokitaka duniani ni kimoja tu: amwone yule mwanawe kabla hajafa.

Asubuhi moja akaniita mpakani mwa shamba, akakata jani la isale. Kwetu mtu akikuletea isale anakuomba radhi, na wewe hukatai.

"Mpelekee," akasema.

"Mama, una kosa gani wewe?"

"Sina. Lakini mimi ndiye mkubwa. Nikijishusha, atapanda."

Nikalifunga kwenye kanga nikashuka nalo. Sikuona tatizo. Mwalimu mzima wa kipaimara, sikuona.

Mdogo wangu alinipokea vizuri, shikamoo dada, akanivutia kiti. Nilipofungua kanga alilitazama lile jani, mikono imejaa grisi, asiliguse.

"Mama ndiye kalituma?"

"Ndiyo. Anakuomba—"

"Kwa hiyo ni kweli." Machozi yakamtoka. "Dada, nilikuwa sijaamini. Kila siku nasali nasema labda mtumishi kakosea. Asiye na kosa analeta isale la nini?"

Nilieleza mpaka koo likakauka. Ushahidi alioukosa yule mtu wa turubai nilikuwa nimeubeba mimi kutoka mlimani, nimeuviringisha na kanga. Mdogo wangu akafuta macho kwa mkono wa shati. "Mwambie nimemsamehe," akasema. "Ila kuja, siji." Bora angenitukana.

Nyumbani nilimkuta mama kakaa mlangoni. Akaniuliza, kasemaje? Nilikuwa nimechoka, miguu inawaka moto, na uso wake ulikuwa umeshafurahi kabla sijafungua mdomo. Nikasema, "Atakuja Jumapili."

Neno lilitoka kirahisi hivyo. Jumapili hiyo mama hakwenda kanisani. Alivaa kitenge chake cha sherehe, akapika loshoro, chakula anachokipenda mdogo wangu tangu utoto, akakaa akiangalia njia ya mteremkoni. Saa sita ikapita. Saa tisa loshoro ilikuwa imepoa, na mama kashalikemea kila jibwa lililobweka, asije mgeni akaogopa. Nikashindwa. Nikamwambia ukweli wote, pamoja na ule msamaha.

Hakulia. Alichukua kisu akaelekea mpakani, mimi nyuma yake. Akakata majani mawili ya isale.

"Mama, usitume tena. Ataona umekiri mara ya pili."

"Lile lilikuwa langu na mimi sina kosa, ndiyo maana limeharibu. Nani alimwambia aende pale kwenye turubai?"

"Mimi."

"Basi hili moja mpelekee la kwako wewe. Umwambie hivyo hivyo."

"Na hilo la pili?"

"La pili utanipa mimi. Umenitabiria Jumapili, nimeivalia kitenge."

Nilipiga magoti palepale kwenye majani, nikampa. Akalipokea. Aibu niliyoisikia bado ninayo.

Lile jingine nililipeleka Sakina kesho yake, nikamwambia mdogo wangu kosa ni langu, nilimpeleka mahali ambapo mimi mwenyewe sikupachunguza. Akaliweka kando, akamgeukia mteja. Mpaka leo liko kwenye rafu ya kibanda chake, limekauka katikati ya makopo ya oili. Hajapanda, ila hajalitupa.

Mama huniuliza kila Jumamosi, kesho atakuja? Natamani kumpa neno tamu, ninalo, liko mdomoni kabisa.

"Sijui, mama," namwambia.