Rapide na Omnibus

Kama uliwahi kupita stesheni ya Kamina miaka ile, bila shaka Ézéchias alikukemea. Alikuwa mkuu wa stesheni, mtu mfupi mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake, na hakuna aliyekatiza reli mbele ya macho yake akabaki na amani. Alikemea mbuzi, alikemea wauza karanga, na siku moja alipuliza filimbi ya kuondoka wakati mchungaji bado anawaombea abiria, mpaka mzee wa watu akamalizia amina yake mbele ya reli tupu. Saa ni saa, alisema Ézéchias, na mkewe akaona aibu wiki nzima kanisani.

Mtu wa namna hiyo ukimpa mashua ya kujifurahisha, usitegemee kwamba atajifurahisha.

Na mashua alikuwa nayo. Nyuma ya karakana za reli palikuwa na bwawa lililochimbwa enzi za stimu, yaani mvuke, ili injini zipate maji. Stimu ilipokwisha, bwawa likaachiwa matete, vyura na bata maji. Ndipo mwaka 1995 watu watano, wanne wa reli na mwalimu mmoja, wakaunda mashua kwa mbao za behewa bovu na kushona matanga kwa turubai la kufunikia mizigo. Watu walicheka sana. Tangu lini watu wa Kamina, wanaojua maji ya kisima na ya mvua, wakawa mabaharia? Lakini mashua zilielea, na upepo wa alasiri ukazisukuma, na waliocheka wakaanza kuomba wapandishwe.

Vita vya mwaka 1998 vilipoingia, watatu kati yao walikuwa wameshatawanyika, kila mmoja na lake. Zikabaki mashua mbili. Ya Ézéchias iliitwa Rapide, kama treni ile isiyosimama ovyo. Ya mwalimu Matthias haikuwa na jina, mpaka mke wa Ézéchias, Marthe, alipoibatiza Omnibus, yaani treni inayosimama kila kituo, hata pale penye kuku wawili na bibi mmoja. Matthias alilipenda jina hilo akalipaka ubavuni kwa chaki ya shule, akawa analipaka upya kila lilipofutika.

Sasa nieleze kanuni, maana bila kanuni Ézéchias hangeingia majini. Bwawa lile lilikatwa na matete katikati, likabaki na mlango mmoja tu wa kupitia, mwembamba, wa mashua moja. Mashindano, au course kama walivyoyaita, yalikuwa kuvuka sehemu ya kwanza, kupita mlangoni, kulizunguka pipa jekundu upande wa pili, na kurudi. Mwaka wa pili Ézéchias alikutana uso kwa uso na karani mmoja mle mlangoni, mlingoti ukavunjika, miwani ya karani ikazama. Kwa mtu wa reli hakuna aibu kubwa kuliko hiyo, vyombo viwili kugongana kwenye njia moja. Hakulala vizuri siku tatu. Siku ya nne akaleta kutoka stoo ya stesheni batoni ya zamani, fimbo ya chuma ambayo dereva wa treni hukabidhiwa kabla ya kuingia njia ya reli moja. Mwenye batoni anapita, asiye nayo anasubiri.

Batoni akapewa Marthe, akaketi nayo juu ya jiwe pale mlangoni, mahali pa kuonea pande zote mbili. Mashua ya kwanza kufika inachukua batoni na kuingia. Ya pili inasimama kando ya jiwe mpaka batoni irudi.

Umeshaona kasoro? Watu wote waliiona siku ile ile isipokuwa mwenye kanuni. Kwa mpango huo mashindano yanaishia jiweni. Aliyewahi ameshinda, na mwenzake anakaa dakika ishirini akihesabu vyura. Ézéchias alipoelezwa, alikuna kichwa chini ya kofia, akasema kanuni ni kanuni.

Basi kila siku ya posho, ndivyo Katanga wanavyoiita Jumamosi, saa nane kamili, Ézéchias alipuliza filimbi ya stesheni na kuikaza kamba ya tanga mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Alifika jiweni, akainyakua batoni mkononi mwa mkewe bila hata kumtazama, akapotelea kwenye matete. Matthias alikuja baadaye sana, amelala chali, mguu mmoja nje, kamba ya tanga ameifunga kwenye kidole gumba.

"Mwalimu!" Ézéchias alimfokea siku moja akirudi na batoni yake. "Weye unafanya course ao unalala?"

"Ninafanya byote mbili, Shefu," akajibu Matthias, na ganda la karanga likadondoka kwenye ndevu zake.

Hilo ndilo lililomkera. Kushinda alishinda, miaka mitatu mfululizo, lakini ushindi wenyewe haukuwa na ladha. Utamshindaje mtu ambaye hajali? Tena Matthias alizaliwa Malemba-Nkulu, kando ya mto, alikuwa akiendesha mtumbwi kabla hajajua kusoma. Ézéchias alikuwa na hakika kwamba yule mtu angetaka, angempita. Kitu kimoja tu alikitaka duniani, na alikitaka kwa moyo wote: Matthias ashindane naye kweli, hata mara moja, ili ajulikane nani ni nani.

Na alikuwa na muda mwingi wa kulitaka jambo hilo, maana treni hazikuwapo. Njia ya kuelekea Kabongo na mbele yake ilikuwa imekatwa na vita, mazutu, yaani dizeli, yote yalikwenda kwa wanajeshi, na ndege zao ziliunguruma kutwa juu ya nyumba. Mkuu wa stesheni isiyo na treni afanye nini? Alifagia. Alipaka nguzo chokaa. Alikemea mbuzi, ambao sasa walikuwa abiria wake wa pekee.

Mara moja vita vyenyewe vilikuja bwawani. Ofisa mmoja alikuwa amesikia kwamba Kamina kuna vyombo vya majini ambavyo havikuandikishwa, akatokea na askari sita, bunduki begani. Ézéchias akampa kanuni, kurasa nne zenye muhuri. Ofisa alizisoma zote amesimama juani, kisha akakaa kando ya jiwe kuangalia mashindano, kisha akawaambia askari wake kwamba watu hawa si hatari, maana hata wao kwa wao hawawezi kupitana. Alikunywa kitu Marthe alichomkaribisha, akaondoka akitabasamu. Ézéchias alikuwa ng'ambo ya matete wakati huo, hakuona lolote.

Mwezi wa saba wa ukimya ule, siku ya Jumatano, simu ya stesheni ililia. Treni moja itapita, Jumatatu asubuhi, kwenda Bukama na Likasi. Ézéchias alifurahi mpaka akakumbatia nguzo aliyoipaka chokaa. Jioni hiyo hiyo akaenda mbio kumpasha habari Matthias, akamkuta anafunga vitabu kwa kamba.

"Ile treni, minyi njo nitapanda," alisema Matthias taratibu, akijigusa kifua. "Salomé, mutoto wangu, alinitumia barua. Iko Likasi na bwana yake. Anasema, Papa, vita inakaribia kwetu Malemba, mama alishakufa, unabakia huko na nani? Na bajukuu bangu habanijue, Shefu. Hata sura."

"Utarudia?"

"Na huu uzee wote? Hapana. Naenda juu ya kuikala kule kabisa."

Ézéchias alisimama pale mlangoni. Alikuwa na maneno, nakuhakikishia alikuwa nayo, yalimjaa mpaka kooni. Lakini mdomo wa mtu aliyezoea kukemea hauna njia ya kupitishia mengine. Alichoweza kusema ni hiki:

"Basi siku ya posho tutafanya course ya mwisho. Lakini ya kweli, Mwalimu. Usinipatie bure. Nakulomba."

Matthias aliweka kitabu chini. "Ya kweli," alikubali.

Jumamosi ile upepo ulikuwa mzuri. Filimbi ilipolia, Ézéchias alitazama pembeni, na moyo ukamruka: Matthias alikuwa amekaa. Amevua viatu! Kamba ameishika kwa mikono miwili, mwili mzima ameutupa nje ya ubavu, ndevu zinapeperuka, na Omnibus, ile Omnibus ya kusimama kila kituo, ilipasua maji kama iliyotumwa. Wakaenda sambamba. Ézéchias alipiga kelele ya furaha, akaikaza kamba, akainama, akainuka. Hajawahi kuwa na raha kama ile maishani. Omnibus ikatangulia kwa shubiri moja, kisha kwa mkono mmoja, na pale jiweni ni mkono wa mwalimu ulioinyakua batoni. Akapotea kwenye matete.

Rapide ikajaribu kumfuata. Kisha mwenye kanuni akakumbuka kanuni. Akageuza usukani, akasimama kando ya jiwe, kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu.

"Baba Séphora," alisema Marthe akimtazama mumewe kwa mshangao, "leo umesimama? Kuko mutu amekufa?"

"Amenishinda."

"Eh! Basi shuka, ikala. Hapa bantu baikalaka."

Alishuka, akakaa. Alitoa saa yake mfukoni, akaiangalia, akairudisha, akaitoa tena. Marthe alimimina kitu kutoka kwenye bidoni, dumu la njano, akampa kikombe. Ilikuwa munkoyo, ile togwa ya mahindi na mizizi, baridi, tamu, yenye uchachu kidogo. Siku zote yeye alidhani bidoni lile ni la kuchotea maji yanayoingia mashuani.

"Unaitengenezaka tangu lini?"

"Kila siku ya posho. Miaka tatu sasa. Mwalimu anakunywaka kikombe mbili. Ule ofisa alikunywa tatu."

Jiwe lilikuwa na ubaridi wa matete. Marthe alimwonyesha kiota cha mdiria kwenye ukingo, mashimo mawili, akamweleza kwamba la kushoto liliporomoka wakati wa mvua na ndege wakalichimba upya. Alimweleza habari ya jirani aliyeuza mlango wa nyumba yake na sasa anaogopa kulala. Alikuwa mcheshi! Ézéchias alicheka mpaka kofia ikamwanguka, akaiacha pale ilipoanguka. Akawaza, huyu mwanamke nimeoana naye miaka ishirini na sita, na kila Jumamosi nilikuwa nanyakua chuma mkononi mwake kama mtu anayeiba. Akamenya karanga, akampa. Ndege ya wanajeshi ikapita juu, wakasubiri imalize kelele, wakaendelea.

Ndipo Omnibus ikatokea kwenye matete kwa kasi ya kutisha. Matthias alikuwa ameloa kuanzia ndevu hadi suruali, kofia hana, anahema, batoni ameiinua juu.

"Uliona?" alipiga kelele. "Uliona vile nilizunguka pipa? Kwa kidole moja! Ilibakia hivi, hivi, tugongane!"

"Nini?" aliuliza Ézéchias, mdomo umejaa karanga.

Uso wa mwalimu ukabadilika. Miaka thelathini ya kufundisha watoto wakorofi haijawahi kumkasirisha namna ile.

"Haukuangalia? Miaka tatu unanilombaka course ya kweli, leo nakupatia, mugongo inanivunjika, na weye unakula kalanga? Simama! Ikamata batoni! Turudilie sasa hivi, na safari hii utaangalia!"

Marthe alicheka mpaka akalishika jiwe lisimwache. Mwalimu Matthias, mtu wa kulala chali, alikuwa ameonja ushindi, na sasa anautaka tena kama mtoto na sukari.

"Hapana, Mwalimu," alisema Ézéchias. "Funga mashua. Kuya huku."

"Unaogopa!"

"Ninaogopa, ndiyo." Sauti yake ilikuwa ndogo, mkewe akaacha kucheka. Maneno yale ya Jumatano yalikuwa yamepata pa kupitia. "Lundi, siku ya treni, minyi njo nitapuliza filimbi ya kukuondosha. Minyi mwenyewe. Halafu nitarudia kwa mbuzi bangu. Katika hii muji bantu bote bananiogopa ao bananicheka. Weye tu njo ulikuwa rafiki yangu. Utanikosekana sana, Mwalimu. Ikala na minyi kidogo."

Matthias alishusha batoni. Aliifunga Omnibus kwenye tete, taratibu, akapanda jiweni maji yakimtiririka, akakubali kikombe alichopewa na Marthe. Hakukinywa. Alimtazama rafiki yake kwa upole, kama alivyowatazama wanafunzi wazuri walioandika jibu sahihi baada ya kengele.

"Basi juu ya nini, Shefu," alisema, "miaka tatu yote ulikuwa unapita hapa bila kusimama?"

Ézéchias alisogea kidogo kwenye jiwe, ili mwenzake apate nafasi ya kukaa.