Shati la Kaka Juu ya Maiti

Muuaji gani anamkata mtu panga, halafu anavua shati lake anamfunika, anapiga yowe, anakaa pembeni masaa matano kufukuza nzi? Swali hili nimeliuliza kila kijiwe cha Kashaulili, hapa mjini, mpaka watu wakiniona wanahamisha bao.

Kaka yangu ndiye alimkuta jirani yetu amelala kwenye njia ya mashamba ya mpunga, huko Mamba kijijini kwetu, kashakufa, kakatwa kichwani. Sisi Wasukuma hatukuhamia huku na ng'ombe peke yake, tulikuja na mila zetu pia. Kwetu, maiti ya porini haiachwi wazi. Wa kwanza kuiona anaifunika na nguo aliyovaa, anaita watu, na haondoki mpaka ndugu wa marehemu wafike. Ukiondoka wewe si mtu. Kaka akafanya yote. Polisi walipofika kutoka mjini, jua limeshapinda, wakamkuta kifua wazi, damu mikononi.

"Shati la nani hili?"

"Langu, afande."

"Haya, umekiri."

Basi, upelelezi ukaishia hapo. Aliyekata, panga lake, nyayo zake, hakuna aliyehangaika navyo. Wakaongezea kwamba msimu ule ng'ombe wetu waliingia kwenye mpunga wa marehemu, kaka akagombana naye. Mamba nzima nani hajagombana kisa ng'ombe? Wangenyonga tarafa nzima.

Alikaa mahabusu miaka, ndio jaji akaja. Mimi nilikuwa benchi la nyuma. Mwendesha mashtaka, kasuti kamembana kwapani, akainua lile shati kwa ncha za vidole kama kashika panya.

"Kama hukumuua, kwa nini ulimfunika?"

"Ningemwacha wazi, mheshimiwa?"

"Jibu swali!"

"Kwani kwenu mtu akifa mnamwachaje?"

Watu wakacheka. Jaji hakucheka. Pembeni yake walikaa wazee watatu wa baraza, maana sheria inataka watoe maoni. Kila mmoja akasema hana hatia. Mmoja wao Mpimbwe kabisa, mwenyeji wa huku, si Msukuma, akasema hata yeye angevua. Jaji akawashukuru, akasema amewasikia, ila halazimiki kukubaliana nao. Sasa mliwaitia nini wazee wa watu? Kuwapa soda? Akasoma: atanyongwa mpaka afe.

Nikapiga kelele, "Nyie ndio wa kunyongwa!" Askari wakanitoa nje kwa kunishika shingo. Sijuti hata kidogo.

Hiyo sheria nimekuja kuisoma mwenyewe, kitabu cha kuazima, na darasa la nne langu hili hili, kamusi pembeni. Kweli imeandikwa, jaji hafungwi na maoni ya wazee. Kumbe ujinga ukishapigwa chapa watu wanausimamia wima.

Rufaa tulikata. Mpaka naandika hapa haijaitwa. Mwaka jana nilipanda treni, siku mbili njiani, nikaenda kumwona huko gerezani anakosubiria. Amekonda, sauti ndiyo imebaki ya kwake.

"Mdogo wangu, kamwambie shemeji yako aolewe. Asizeeke ananingoja mimi, mtu wa kamba."

"Siendi kusema upuuzi huo."

"Nakutuma mimi kaka yako!"

"Ukitoka utamwambia mwenyewe."

"Na nisipotoka?"

Askari akagonga mlango, muda umekwisha. Kaka akasimama, akaniambia niondoke nisije nikamtukana na huyu askari nikalala humo.

Nilifika Mamba mvua za kwanza zimeshanyesha. Shemeji akaniona toka mbali, akaacha kupepeta, ungo mkononi.

"Shemeji, amesemaje mwenzangu?"

Nikamwambia amesema majaruba ya mpunga ya bondeni yalimwe mapema, kabla maji hayajajaa.

Akaweka ungo chini, akaingia ndani kuchukua jembe.