Goti la Mkurugenzi

Habari ya kifo chake ilinikuta nimelala kifudifudi sebuleni, viwiko chini ya mabega, nikifanya lile zoezi la asubuhi alilonifundisha mwenyewe. Simu ikaita pembeni ya mkeka. Kundi letu la darasa, ambalo tumelipa jina la Wenye Migongo, lilikuwa na ujumbe mmoja tu: Mwalimu ametutoka alfajiri, ni presha. Mtu mwingine angeruka akasimama. Mimi niligeuka ubavu kwanza, nikajisukuma kwa mkono, nikapiga goti, ndipo nikasimama, maana ndivyo alivyotuzoesha miaka yote, kisha nikalia nikiwa nimenyooka wima. Ninyi mnaonisoma kila juma mnajua kwamba safu hii haina kawaida ya kuaga watu. Leo naaga, na ninawaonya mapema kwamba sitaaga kwa upole. Kuna mtu nataka ayasome haya mpaka mwisho. Jina lake silitaji, naye anajijua.

Kabla hajawa mwalimu wetu wa yoga, marehemu alikuwa mpishi wa shule moja ya bweni ya mtu binafsi, upande wa Buhongwa. Alikuwa akisonga ugali wa shule nzima kwa mwiko mrefu unaomfika kifuani, na kuipua masufuria ambayo mwanamume mwenye nguvu zake angeyazunguka kwanza kabla ya kuyashika. Siku moja, wakiipua makande, mwenzake aliteleza, uzito wote ukamwelemea yeye, na kitu kikalia kiunoni. Hospitali walimpima wakamwambia diski moja kati ya pingili za kiuno imechomoza na inakandamiza mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni. Akapewa dawa, akapewa na barua kwamba apumzike wiki kadhaa asibebe kitu. Barua hiyo aliipeleka kwa mwenye shule, ambaye kila mtu humwita mkurugenzi kwa sababu ndivyo anavyopenda kuitwa. Mjue pia kwamba huku kwetu mwanamke akimsalimia mtu mkubwa hukunja goti kidogo. Marehemu alimkunjia goti mkurugenzi kila asubuhi kwa miaka mingi, ingawa alimzidi umri na shikamoo ilipaswa itoke upande wa pili.

Kilichofuata alitusimulia mara moja tu, na hakupenda kukirudia. Mkurugenzi aliisoma barua mlangoni mwa jiko, walimu wawili pembeni yake, wapishi wote wakitazama. "Mgongo ni ugonjwa wa wavivu, mama," alimwambia. "Hauonekani, hautoki damu, kila mtu anaweza kusema anao." Akauchukua ule mwiko mrefu, akautupa sakafuni. "Haya, inama uokote. Miguu inyooke, usinichezee." Marehemu aliinama kutoka kiunoni kama alivyoamriwa, kwa sababu alikuwa na watoto wanasoma na hiyo kazi alikuwa anaihitaji. Mguu wa kushoto ukakata mawasiliano. Akaanguka kifudifudi juu ya sakafu ya jiko, mbele ya watu aliowapikia miaka yote, asiweze hata kugeuka. Mkurugenzi akasema, "Hata kuigiza anajua," akaenda zake. Kazi iliisha siku hiyohiyo. Wenzake walipomwinua aliomba ule mwiko, akaufanya mkongojo, akatoka nao getini hatua kwa hatua mpaka barabarani, na hakuurudisha mpaka anakufa.

Ilimchukua muda mrefu kutembea tena vizuri. Mtaalamu wa viungo wa hospitali alimpa mazoezi ya kwanza, na baadaye, alipopata kazi ndogo ya kupika akiwa amekaa kwenye kigoda kirefu, ilikuwa kwa bibi mmoja wa familia ya zamani ya wauza vitambaa mjini, ambaye kila asubuhi alifanya yoga juu ya paa la ghorofa lao. Marehemu alijifunza kwa bibi huyo, lakini hakuimeza yoga nzimanzima. Kila zoezi jipya alilipeleka kwanza kwa yule mtaalamu na kumuuliza kama linamfaa mtu ambaye diski yake imechomoza. Kukaa umenyoosha miguu na kujikunja mpaka ushike vidole, alilitupa. Kujisokota kiuno kwa nguvu, alilitupa. Yaliyobaki ndiyo aliyotufundisha Kiseke, uani kwake, chini ya bati: kulala kifudifudi na kujiinua taratibu kwa viwiko kwa wale ambao zoezi hilo halikuwazidishia maumivu, kupiga magoti na viganja chini kisha kunyoosha mkono mmoja na mguu wa upande wa pili, na zaidi ya yote kupumua. Ule mwiko ulikuwa ukutani. Aliushusha, akauweka wima mgongoni mwako, uguse kisogo, uguse katikati ya mabega, uguse juu ya makalio, halafu akakuambia usogeze nyonga nyuma bila mwiko kuachana na mwili. Ukiachana, unarudia. Mimi, ambaye diski yangu iliharibiwa na kukaa kitako nikiandika, nilirudia zoezi hilo wiki tatu.

Alikuwa na masharti, na hakuyapunguza kwa mtu yeyote. Hukanyagi mkeka wake bila barua ya daktari, na barua hiyo aliisoma kwa miwani, mstari kwa mstari, huku umesimama mbele yake. Sasa mnajua kwa nini. Maumivu yakianza kushuka mguuni, unaacha hapohapo hata kama zoezi ni zuri namna gani. Ukisikia ganzi katikati ya mapaja au mkojo unakutoka bila habari, huji kwake, unakwenda hospitali saa hiyohiyo. Na akikuona unashindana na jirani yako nani kajipinda zaidi, anakutoa nje ukatazame kuku.

Mwaka juzi gari kubwa lilisimama nje ya uzio wa darasa. Dereva akazunguka, akafungua mlango wa nyuma, akamtoa mtu amepinda upande, uso umejaa jasho. Alikuwa mkurugenzi. Madaktari walimwambia afanye mazoezi kabla ya kufikiria kisu, na mtu kamwelekeza kwa mama mmoja wa Kiseke. Hakumtambua. Mwalimu alimtambua tangu yuko getini, nikamwona anavyoikunja midomo. Aliipokea barua yake, akaisoma yote, akaikunja vizuri na kumrudishia. Kisha akaushusha mwiko ukutani na kuulaza sakafuni mbele ya miguu yake. "Okota," alisema.

Sisi tuliokuwa tunaijua ile habari ya jikoni tuliinuka kwenye mikeka kutazama. Mkurugenzi alianza kuinama, miguu imenyooka, kiuno kinakunjika, vilevile kabisa alivyomlazimisha mwalimu ainame. Nakiri hapa mbele yenu kwamba nilimwomba Mungu mwalimu anyamaze. Kunyamaza tu, mkurugenzi afikie sakafu, tumsikie akilia. Mwalimu akamwekea kiganja kifuani akamzuia. "Simama hapo. Ukiinama hivyo leo, kesho hutembei. Piga goti moja, mgongo wima, ndipo uokote." Mkurugenzi akautazama mwiko, akamtazama yeye, na rangi ikambadilika. "Wewe mama," alisema. "Ndiyo, mkurugenzi, ni mimi. Piga goti." Mkurugenzi akasema kwa sauti ya kutusikilizisha sote, "Mimi sipigi goti mbele ya mpishi wangu." Akamwita dereva auokote. Dereva akauokota, mwalimu akaupokea, akautundika ukutani, akamwambia mkurugenzi, "Basi lala kifudifudi tuanze."

Na alimfundisha. Kwa karibu miaka miwili alimfundisha kwa uangalifu uleule aliotupa sisi, akimwekea mto chini ya tumbo alipoumia, akimkemea alipojikaza. Mtu yule alinyooka mbele ya macho yetu. Ila kila Jumamosi, kabla ya darasa, mwalimu aliulaza mwiko mbele yake na kumwambia apige goti aokote, na kila Jumamosi dereva aliitwa. Somo la kushuka kwa goti na kuinuka kwa goti ndilo pekee alilolikataa. Hakuwahi kuomba radhi wala kutaja jiko. Siku moja nilimuuliza mwalimu kwa hasira kwa nini siku ile ya kwanza hakumwacha ainame. Alikuwa anachambua mchele kwenye meza ndefu, amesimama, hakuinua kichwa. "Akivunjika watu watampa pole," alisema. "Pole hiyo sitaki aipate. Mimi nataka awe mzima kabisa, goti lake liwe zima, halafu alipige. Na wewe siku ukiniandika, usiniandike kama mtakatifu."

Nimetimiza agizo. Hakuwa mtakatifu. Alikuwa mtu aliyedhalilishwa mbele ya watu, na alitaka alipwe mbele ya watu, nami namuunga mkono hata sasa alipo kaburini. Tumezoea kuwaambia wanyonge wasamehe haraka, wasahau haraka, wasiweke vitu moyoni, na hatuwaambii chochote waliowaumiza. Angalieni mpaka leo pale dagaa wanapopakiwa, angalieni kwenye maghala na kwenye majiko ya shule: neno ni hilohilo, inama, inua, acha kudeka. Mtu akivunjika mkono tunaona bandeji tunamwonea huruma. Akisema ni mgongo tunamtazama usoni kupima kama anadanganya. Nimewahi kufanya hivyo mimi mwenyewe, nilimcheka mwenzangu ofisini aliyekuwa anasimama mkutano mzima, na diski yangu ilipotoka nilimtafuta nikamwambia nilikuwa mjinga. Haikuniua kusema hivyo.

Tulimzika nyumbani kwao, kijiji cha ufukweni mbele ya Igoma, barabara ya Musoma, mahali ambapo mawe makubwa yanaingia ziwani na udongo ni wa kichanga chenye kokoto. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mkurugenzi alikuja, suti nyeusi, na akaomba kusema maneno mawili. Alisema marehemu alikuwa mfanyakazi wake mwaminifu kwa miaka mingi na kwamba waliachana vizuri. Nilishika mkono wa jirani yangu ili nisimkatize. Ukafika wakati wa kuweka udongo. Sisi Wenye Migongo tulipita mmoja mmoja, na kila mmoja wetu alishuka kwa goti moja, mgongo wima, akachota udongo, akautia kaburini, akainuka kama tulivyofundishwa. Wanakijiji walitushangaa, wakadhani ni utaratibu wa kanisa letu.

Zamu yake ilipofika, mkurugenzi alimtazama dereva. Dereva, kwa mazoea, akachota udongo kwenye sahani akamletea. Shangazi wa marehemu, bibi mfupi aliyekuwa anasimamia shughuli, akamzuia njiani. Hakuwa anajua lolote la jiko wala la mwiko. "Hapana, mwanangu," alisema. "Udongo wa msiba haletewi mtu. Kila mtu anajichotea mwenyewe." Dereva akarudi nyuma. Mkurugenzi akaanza kuinama kwa kiuno, na katikati ya safari kitu kikamkamata, nikaona taya linavyokaza. Akabaki hapo, juu si juu, chini si chini, msiba mzima ukimtazama. Aliwafundisha watu waamini kwamba mgongo hauonekani. Ulionekana. Kisha akashusha goti la kulia kwenye tope, na kwa sababu hakujua kujizuia, na la kushoto likafuata. Akapiga magoti yote mawili mbele ya mpishi wake.

Alichota udongo akauweka. Wengine wanasema walimsikia akisema "Shikamoo, mama." Mimi nilikuwa karibu kuliko wote na sikusikia kitu. Hata kama alisema, wa kumwitikia marahaba alikuwa amekwisha lala. Akataka kuinuka, asiweze, maana lile ndilo somo alilolikataa kila Jumamosi. Akaniangalia. Ananifahamu, tumelala mikeka ya jirani miaka miwili. Nilikuwa najua la kumwambia, na ni maneno machache tu: simika mguu mmoja mbele, weka viganja pajani, mgongo wima, sukuma. Kwaya ilikuwa imeanza ubeti mpya. Niliwaacha waumalize, wote, na kiitikio chake, nikiwa nimesimama na mikono mgongoni. Ndipo nikamsogelea nikamwambia la kufanya, akainuka, magoti ya suti yamejaa tope, akaenda kwenye gari bila kumuaga mtu.

Sijutii ule ubeti. Nilichojuta, tuliporudi uani Kiseke na kuuona mwiko umening'inia ukutani, ni kwamba yeye hakuwepo kuona. Alikuwa amengoja muda wote huo jambo la nusu dakika, na mtu mwenye goti zima akamnyima mpaka siku asiyoweza kuona chochote. Basi ninyi wenye diski, msiiname kuokota kitu. Pigeni goti, ni salama. Na wewe mkurugenzi, na wengine wa namna yako mliowahi kumtupia mtu mwiko sakafuni, mnawajua mliowatupia na mnajua wanakoishi. Nendeni leo, wangali na macho ya kuwaona.