Bariere Tuliyoiomba

Juzi nilirudi Lubumbashi kwa ajili ya msiba, na dereva wa teksi akafika pale reli inapovuka barabara ya mtaa wetu wa zamani. Hapakuwa na mlango wala taa, hata kibao cha kuonya hakikuwepo. Dereva alitoa kichwa dirishani, akachungulia kulia na kushoto kama mwizi wa kuku. Harufu ya mikate inayokaangwa kando ya reli ikaingia garini, na mimi, mtu mzima mwenye wajukuu, nikaanza kulia. Nikamwomba asimame kidogo.

Hapo, rafiki yangu, ndipo alipokuwa akikaa kukaanga mikate bibi yangu, kambo kama tunavyosema kwetu. Mikate yetu si ya boflo. Ni madonge ya unga wa ngano yanayokaangwa katika mafuta mpaka yawe ya kahawia. Kazi yangu ilikuwa kubeba makala, ndiyo makaa, na kupepea moto, macho yakiniwasha kwa moshi wake na koo kwa moshi wa kiwanda cha shaba. Treni ya kutoka mgodi wa Kipushi ilikuja na mawe ya madini ikitokea kwenye kona, nyuma ya kichuguu kikubwa, hata usiione mpaka imekufikia. Lakini kutoka pale alipokaa, kambo aliona moshi wake mapema juu ya miti. Basi alichukua kifuniko cha sufuria akakigonga kwa mwiko, nga nga nga, na kila mtu alisimama, hata wenye baiskeli na haraka zao. Mtaani walisema kifuniko cha kambo kina akili kuliko komini nzima, yaani halmashauri yetu ya manispaa.

Jirani yetu alikuwa mshonaji, mama mmoja wa mkoa wa Kasai aliyesoma kwa masista. Alikuja kwetu kwa treni akiwa bibi harusi, ndiyo maana kambo alimtania kwa kumwita Muntu wa Treni. Naye hakukubali kushindwa: "Na weye kambo, kama treni haiko, utauzia nani mikate?" Alinishonea sare ya shule huku mdomo umejaa pini, na bado akaweza kunisahihisha Kifaransa changu. Mlio wa cherehani yake ndio ulionilaza mchana wa joto. Nilimpenda mama yule, na sioni haya kusema kwamba nilimpenda kuliko shangazi zangu.

Ilikuwa miaka ile Katanga, mkoa wetu, ilipojitangaza kuwa nchi, ikawa na bendera yake na pesa zake. Asubuhi moja kambo alishikwa na malaria, hakwenda kukaanga. Treni ikamgonga mtoto wa shule. Baada ya maziko, wakinamama wa mtaa walikwenda komini wakiwa na hasira, na mimi nikiwa nimeshika kitenge cha kambo. Mjumbe wa halmashauri, bwana mwenye tai, alitutundikia ramani ukutani. Barabara zilinyooka kama mistari ya daftari, na penye reli palichorwa mviringo wa maua. Alieleza maua yale kwa muda mrefu sana. Ndipo jirani yetu aliposimama.

"Baba mujumbe, maua hatuombe. Tunaomba barrière. Barrière tu, batoto bapite muzuri."

Alimaanisha kile chuma kinachoshushwa treni inapokuja, kama kile alichokiona katika stesheni kubwa za njiani. Mjumbe akasema bariere itakuja. Tukapiga makofi, na njiani kambo alisema ahadi ni deni.

Wakaja wapimaji, wakapanda vigingi vilivyopakwa chokaa tangu mlangoni kwetu hadi relini. Watu wakafungia mbuzi hapo. Mvua ikaja, ikaondoka, jacaranda zikachanua. Halafu siku moja tukasikia kelele: bariere imefika! Tulikimbia wote. Kweli, palikuwa na mapipa mawili na gogo refu limelazwa kukata barabara, na askari wenye bunduki pembeni. Kambo alipiga vigelegele. Akajaza sahani mikate ya moto, akawapelekea askari kuwashukuru kwa niaba ya mtaa.

Mmoja alikula, akajifuta mafuta, kisha akamgeukia jirani yetu. "Weye, mama, uko muntu wa wapi?"

Neno lilikuwa lile lile, rafiki: kwetu gogo la askari wanaokagua watu nalo ni bariere. Tuliomba bariere, tukaletewa bariere. Jirani alirudi nyumbani, akamwambia kambo, "Barrière gani hii inafunga bantu na inaacha treni inapita?"

Wiki hiyo hiyo askari wakawafukuza wauzaji wote pale relini, kambo na sufuria yake. Watu wa Kasai, ambao Katanga iliwahesabu maadui, walianza kukamatwa kwa kosa la kuzaliwa na baba zao. Lakini wateja wa jirani walikuwa ng'ambo ya reli, na watoto wake walitaka kula. Akawa anavukia kwenye kona, nyuma ya kichuguu, mbali na askari. Kambo alimsihi aache.

"Kambo, kwa barrière batanikamata. Kule kwa kona, pengine treni itanikosa."

Asubuhi ile nilikuwa uani nikiosha sombe, majani ya muhogo. Honi ya treni ililia ndefu, ikakataa kunyamaza. Kambo alitoka jikoni na kifuniko mkononi, akaanza kukigonga hapo hapo uani, nga nga nga, mbali na reli, hakuna wa kusikia. Aligonga mpaka mwiko ukavunjika.

Kwenye matanga ya jirani mzee mmoja alisema mdomo uliponza kichwa. Asingeomba bariere, angekuwa hai. Kambo, mpole yule, alimfukuza kwenye mkeka. "Yeye hakukosa kusema. Bale ndo balikosa kusikia." Hakukaanga mikate tena. Watoto wa jirani walichukuliwa na ndugu, wakapanda treni kwenda Kasai, na sijui hata mmoja wao yuko wapi. Katanga ikaacha kuwa nchi, askari wakaondoa gogo, vigingi vya chokaa tukavipikia bukari, ugali wetu. Wajumbe wengine wakaja na ramani nyingine.

Sasa msichana aliyekuwa akikaanga mikate pale relini alikuja kwenye dirisha la teksi, mtoto mgongoni. Nikamuuliza kama treni bado zinapita.

"Zinapita, mama. Bantu banakufa hapa. Tuko tunaomba komini batuletee barrière."

Nilitaka kumshika mkono nimwambie aombe kwa jina lingine. Nikalitafuta jina hilo katika Kiswahili chetu chote, sikulipata. Nikanunua mikate, dereva akachungulia kulia na kushoto, tukavuka.