Malori Mawili ya Shamba la Ngano

Asubuhi hiyo nilikuwa chini ya lori langu, kwenye gereji ya shamba la ngano la serikali, Hanang, nikikaza boliti. Pembeni ilisimama mashine ya kuvunia iliyotoka Kanada, ikingoja mkanda mmoja wa mpira. Mikanda hiyo ilikuwa ikitengenezwa huko huko, ikija kwa meli, ikikaa bandarini, ndipo itufikie. Tulishazoea kungoja.

Mzee Bura, dereva mwenzangu wa Endasak, aliinama akaniita kwa jina.

"Toka, Safari. Wanajeshi wamefika. Wanataka malori."

Jeshi la Uganda lilikuwa limeingia Kagera. Nilikwenda Nangwa kumuaga mke wangu, Paskalina, aliyekuwa mjamzito. Hakulia. Alinifungia mahindi ya kukaanga kwenye kitambaa.

Tulibeba unga wa askari, miezi na miezi, hadi majeshi yetu yalipovuka mpaka nasi tukavuka nyuma yao. Matairi yangu yakawa vipara. Nilipoomba mapya, mtunza stoo wa kambi alitikisa kichwa.

"Yanatoka nje, ndugu. Fedha za kigeni zote zimekwenda kwenye risasi."

Siku moja, mchana, tairi la mbele likapasuka. Mzee Bura alisimama nyuma yangu, akashusha tairi lake la akiba, la pekee.

"Na wewe je, mzee?"

"Mimi natangulia. Funga, unifuate."

Juu ya magunia yake walikaa askari wawili. Mmoja alinipungia mkono.

Nilikuwa nakaza nati ya mwisho.

Mlio wa mzinga. Kisha mwingine.

Nililala mtaroni. Udongo ulinimwagikia mgongoni.

Kukawa kimya.

Mbele, moshi.

Nilikimbia. Lori la mzee lilikuwa linawaka, unga umetapakaa barabarani kama majivu. Wale askari walikuwa wamekufa wote wawili. Nilimwita mzee Bura mara nyingi. Akajibu kutoka migombani kando ya barabara, kwa Kiiraqw kitupu, lugha ya kwetu, akinitaka nipunguze kelele.

Mkono wake wa kulia ulikuwa umevunjika na kuungua. Nilikaa chini kando yake, nikacheka kwa shukrani. Sijawahi kufurahi vile tena.

Tulirudi Hanang vita vilipokwisha. Ngano ilikuwa imekomaa, rangi ya dhahabu hadi upeo wa macho, na mashine haijapata mkanda. Punje zilikuwa zimeanza kupukutika. Uongozi uliita vijiji. Watu wa Nangwa na Masakta wakaja na miundu. Paskalina alikuwa kati yao, mtoto wetu mgongoni. Aliponiona aliweka mundu chini taratibu.

"Umekonda," alisema.

Tuliokoa sehemu ndogo tu ya shamba. Nyingine ilibaki chini, mwaka ambao mjini watu walipanga foleni za mkate, na kwetu sabuni ilikuwa ya kutafutwa. Tulishinda vita, na nchi ikaulipia ushindi huo miaka mingi.

Mzee Bura hakuendesha tena. Alilima maharage kwa mkono mmoja, akazeeka kati ya wajukuu, na kila nilipompa shikamoo moyo wangu ulitulia. Ila wale askari wawili sikuwahi kujua majina yao. Walikufa juu ya unga wetu, na sikuwa na mlango wa kubisha hodi niwape watu wao pole.