Kumsemea Baba Kortini

Shangazi yangu hakuwahi kusomea sheria, lakini akisimama kortini hata karani aliweka kalamu chini ili amsikilize vizuri. Nasema korti, lakini si hizi za siku hizi zenye majoho. Ilikuwa korti ya kienyeji pale Kasikeu, miaka ya kwanza ya uhuru: nyumba ya mabati, hakimu mmoja na wazee wawili wa kumsaidia. Wakili mwenye leseni hakuruhusiwa kumtetea mtu humo. Sheria ilisema mtu ajisemee mwenyewe, au asemewe na mke, mume ama jamaa yake. Na jamaa haulizwi cheti. Anaulizwa tu, "Huyu ni nani wako?"

Sasa wewe fikiria. Mwanamke ana ulimi kama ule, halafu serikali inamwambia asemee jamaa zake bila leseni. Watu walianza kuokota ujamaa na shangazi kila mahali. Mama mmoja alikuja na kuku kwapani, akaapa kwamba nyanya zao walikuwa wa ukoo mmoja. Hata mwenye duka la nguo, Mwislamu aliyetoka pwani, alidai eti alinyonyeshwa na mwanamke wa kwetu.

"Ulinyonyeshwa lini, na ulishuka hapa ukiwa na ndevu?" shangazi akamwuliza. Duka zima likacheka, na mwenye duka akacheka kuwashinda wote.

Baba yangu hakuhitaji kuokota kitu. Yeye na shangazi walikuwa wa tumbo moja. Na kama kuna mtu aliyehitaji kusemewa, ni baba, kwa sababu alikuwa na kigugumizi kikali. Neno la kwanza lilimsumbua, la pili likamziba kabisa. Nyumbani tulimzoea, lakini mbele ya watu alinyamaza, na wengi walidhani hana la kusema.

Kesi yenyewe ilikuwa ya mtamba. Ukame ulikuwa umetumalizia ng'ombe wote, na jirani yetu, mzee wa rika moja na baba, akatuletea ng'ombe wake mmoja tumfuge, kwa kuwa yeye hakuwa na watu wa kuchunga. Kwetu hiyo ni desturi. Anayefuga anakamua maziwa, na baada ya muda anapewa ndama mmoja awe wake. Walipatana wao wawili tu, wamesimama kwenye boma, bila shahidi. Ndama wa kwanza tukamrudisha kwa mwenyewe, na wa pili vilevile, halafu na mama yao. Wa tatu, mtamba mwekundu, akabaki kwetu. Alipokaribia kuzaa, jirani akaja na kamba mkononi. Ati hajawahi kuahidi mtu ndama. Haiya!

Mama alikuwa na mtoto mchanga, na titi halikutosha. Mtamba akienda, hatungepata tone la maziwa mahali popote. Nilikuwa msichana mkubwa, nimemaliza shule, na nina hasira za karibu hata leo. Nilimchukia yule mzee mpaka nikaacha kumsalimia, na kwetu hilo si jambo dogo. Mama alinikemea, lakini sikujali.

Shangazi alituambia tulale usingizi. "Nitamkunja kama mkeka," alisema.

Siku ya kesi alifika amejifunga leso mpya, anatembea kama mwenye korti. Akaingia mlangoni, akatazama mbele, mara akajifunika uso na kugeuka kwa kasi hata akamkanyaga karani. Kabla sijauliza kuna nini, alikuwa ameshatoka nje. Mbele, kando ya jirani, alikuwa amesimama kijana mwenye koti, ametoka Kitui kwa basi la asubuhi. Alikuwa mpwa wa jirani, kwa hiyo sheria ilimruhusu kumsemea mjomba wake. Lakini pia alikuwa ndiye mume wa binti ya shangazi.

Kama wewe si wa kwetu, acha nikueleze. Mkamba na mama mkwe wake wana nthoni, yaani ile heshima ya kuoneana aibu. Hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Sasa watu kama hao watasimamaje chumba kimoja wakikatana maneno? Jirani alijua. Alikuwa anatabasamu hadi magego yanaonekana. Nilitamani nimrushie kiatu.

Hakimu, Mkamba kama sisi, hakuhitaji kufafanuliwa. Alijikuna kidevu, akaamua shangazi aseme akiwa nje, chini ya dirisha. Basi tukasikia ile sauti ikipanda kutoka ukutani: "Mwambieni huyo aliye ndani amwambie mjomba wake kwamba mtoto mchanga hanywi uongo!" Watu wakaanza kucheka. Akaendelea, akampiga jirani maneno ya kushoto na ya kulia, mpaka wazee wawili wakawa wanapangusa machozi.

"Haya, jibu," hakimu akamwambia yule kijana.

Kijana alikuwa ameelekea ukutani, jasho linamtoka. Kumbe mjomba alimwita tu aje kwa mambo ya ng'ombe, bila kumwambia atapambana na nani. "Bwana Hakimu," akasema kwa sauti ndogo, "mimi siwezi kumpinga mwaitu." Mwaitu ni mama. Tabasamu la jirani likapotea, na mimi nikapiga makofi peke yangu.

Lakini furaha yangu haikudumu. Hakimu alisema wasemaji wote wawili watoke, kwa sababu kesi haiwezi kuwa na mdomo upande mmoja tu. Kila mtu ajisemee.

Nikaruka. "Mimi ni binti yake! Nitasema mimi!"

"Ulikuwepo walipopatana?"

"Sikuwepo, lakini..."

"Kaa chini. Nataka aliyekuwepo."

Baba akasimama. Jamani, niliumia. Alishika kofia yake kwa mikono miwili, shingo ikamkaza, na neno halitoki. Hakuna aliyecheka, na hilo lilinitisha zaidi kuliko kama wangecheka. Polepole likaanza kutoka. Alisema walikuwa kwenye boma. Ikachukua muda. Alisema jirani aliegemea lango. Ikachukua muda tena. Jirani alikuwa anajipinda kwenye benchi, maana yeye na baba walichunga mbuzi pamoja tangu utotoni, na maisha yake yote amekuwa akimmalizia baba maneno. Hakuweza kumwona akihangaika.

"A-akaniambia," baba akasema, macho ameyafumba, "ndama wa ta... wa ta... wa ta..."

"Wa tatu ni wako!" jirani akapaza sauti. "Sema basi, mwenzangu, utakufa!"

Jirani akajishika mdomo. Halafu kule nje, chini ya dirisha, shangazi akapiga kigelegele, na nyumba nzima ya mabati ikatikisika kwa kicheko. Hakimu alijaribu kuuma midomo, akashindwa.

"Nani amesema maneno hayo?" akauliza.

"Ni mimi," jirani akasema. Kisha akainama, akatikisa kichwa, na yeye pia akaanza kucheka. "Ni kweli niliyasema. Pale bomani niliyasema."

Mtamba akawa wetu siku hiyohiyo. Shangazi alidai kwamba ushindi ni wake, na hakuna aliyethubutu kumbishia. Sisi wanawake tulitoka tukiimba, lakini baba hakufuatana nasi. Alibaki kwenye njia ya kwenda nyumbani, akimngoja yule mzee. Nikamvuta mkono, nikamwambia twende, huyo si mtu wa kutembea naye. Baba akaondoa mkono wangu taratibu.

Jirani akaja anaburuta miguu, akasimama mbele yetu bila kujua aangalie wapi. Baba akafungua mdomo. "M-ma..." akaanza. "Ma... ma..." Midomo ya jirani ikacheza. Niliona kabisa kwamba neno alikuwa nalo, na kwamba linamwasha. Lakini alifunga mdomo wake, akashusha fimbo chini, akangoja. Tukangoja sote watatu pale njiani, jua linatuchoma, mpaka baba akamaliza mwenyewe.

"Maziwa yakianza," alisema, "njoo unywe."

Nikamgeukia yule mzee, nikamwambia, "Shikamoo."