Bendi ya Anko Mswidi

Jana mchana nilikuwa Mtaa wa Dengfeng, hapa Guangzhou, kwenye kibanda cha spika, miguu imevimba kwa kuzunguka tangu asubuhi. Nilishamtajia mwenye duka bei yangu, naye alishanijibu "meiyou, meiyou," kwamba hakuna bei ya namna hiyo, na wote wawili tulijua ipo. Ili kunilainisha, akaunganisha simu yake na spika kubwa kuliko zote na kufungulia muziki wa kuonyesha nguvu zake. Magitaa yakanguruma, dramu zikakimbizana, na mtu mmoja akapiga kelele kama aliyebanwa kidole na mlango. Wateja wenzangu waliziba masikio wakicheka. Mimi niliomba kiti.

Mwenye duka alidhani joto limenizidi, akaniletea maji ya moto, maana hapa hiyo ndiyo dawa ya kila kitu. Ningemwelezaje kwamba makelele yale ndiyo muziki wa utoto wangu, kama wewe ulivyolelewa na kwaya ya kanisani au redio ya jirani? Nilikunywa maji yangu nikamshukuru. Nakusimulia wewe, kwa sababu wewe huna haraka na huniuzii kitu.

Tulikuja Guangzhou mimi na mama wakati meno yangu ya mbele ndiyo kwanza yameng'oka. Baba alikuwa ametangulia, akinunua jinzi na kuzisafirisha nyumbani Morogoro. Tulipanga Xiaobei, nyuma ya jengo la Tianxiu, kwenye ghorofa ambamo nguo zetu zilikauka kwa kusikia tu habari za jua. Sauti ya kwanza asubuhi ilikuwa selotepu ikivutwa na kukatwa, kraaa, watu wakifunga maboksi, na sauti ya mwisho jioni ilikuwa hiyo hiyo. Kazi yangu ilikuwa kuchambua mchele na kuosha mboga za Kichina zenye mashina manene, ambazo mama alizipika kwa karanga za kusaga na kulazimisha ziwe mchicha. Hazikuwa mchicha, lakini tulishazila tukakubali.

Chini kabisa ya jengo kulikuwa na stoo ya marobota ya nguo yaliyosubiri kontena. Humo ndimo ilimokaa bendi. Mwenye bendi alikuwa jirani yetu wa mlango wa pili, Mswidi mrefu mwenye ndevu za rangi ya mahindi mabichi, aliyekuwa anazunguka viwandani kukagua mabomba kabla hayajasafirishwa Ulaya. Mimi nilimwita Anko. Alipiga gitaa la besi, na marobota yetu ndiyo yaliyomsitiri, maana jinzi zilimeza kelele. Kontena likishapakiwa stoo ilibaki tupu, na hapo muziki ulipanda ngazi zote mpaka kwa bibi wa Kichina wa ghorofa ya juu, ambaye alishuka na ndala zake kuja kututukana. Mpaka leo nikisikia bendi ya namna ile ikipiga kwa sauti kavu, huwa nahisi kuna mzigo umeondoka.

Bendi yenyewe, Anko alisema, haikuzaliwa Guangzhou. Ilizaliwa kwenye mji mdogo wa kwao kaskazini, wenye misitu, kiwanda cha mbao na giza la miezi. Walikuwa vijana wanne wa shule moja, na waliipa bendi jina la mji wao, jina lenye vinukta juu ya herufi ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulitamka akapatia. Kisha wakaanza kupukutika. Mpiga gitaa aliokoka akaacha. Mwimbaji akahamia mji mkubwa. Mpiga dramu akabanwa na kazi kiwandani, na masikio yakaanza kumsumbua. "Nimebaki mimi," Anko alipenda kusema, akijigonga kifuani. "Nilipo mimi ndipo bendi ilipo." Alikuwa anaisema kama mtu aliyeachiwa nyumba ya ukoo kuilinda.

Basi akaijaza kwa watu waliopatikana. Gitaa lilikuwa kwanza na Mkongo, ambaye ukimpa nafasi kidogo tu anaingiza sebene mpaka watu wanasahau walikuwa na hasira. Mkongo akahamia mji wa Yiwu. Akaja Mrusi aliyefundisha Kiingereza chekechea, mkataba ukaisha, naye akaondoka. Mwishowe tukampata mwanafunzi wa Kikenya aliyekuwa anasomea uhandisi kwa ufadhili. Kuimba, au tuseme kupiga kelele, kulikuwa kwa dada mmoja wa Kichina aliyesuka na kuosha nywele saluni. Dada yule akikuuliza kama maji ni ya moto sana ilibidi umsogezee sikio, lakini akishika maikrofoni paka wote wa mtaa walijificha.

Dramu alipiga baba. Ujanani huko Morogoro alikuwa mpiga dramu wa bendi za dansi, akihama hii na kurudi ile, kama walivyohama wote. Anko alimpa nyimbo za zamani azisikilize ili apige sawasawa na yule wa kwanza. Baba alisikiliza kwa heshima zote, kisha akapiga anavyojua yeye. Kila Jumapili baada ya misa walizozana, na kila Jumapili mama aliteremsha sufuria ya ubwabwa na maharage, ubishi ukaishia mdomoni.

Nilikuwa nachukia jambo moja tu, kuzoea watu. Ukishamjua mtu anapenda chai ya tangawizi, viza yake inaisha. Nililia Mkongo alipoondoka, nikalia kidogo Mrusi alipoondoka, na alipokuja Mkenya nilimnunia wiki nzima ili nisije nikampenda. Baba alinicheka. Alisema bendi ni kama benchi la hospitali, mtu akiitwa wengine husogea, na hakuna anayesusa kwa sababu ya kusogea.

Ndipo yakaja maonyesho ya Pazhou, yale ya wanunuzi na viwanda. Anko alipata ujumbe kwamba yule mpiga dramu wa kwanza, wa shuleni, anakuja na mwajiri wake kutafuta misumeno ya mashine. Sijawahi kumwona mtu mzima akifurahi vile. Alinyoa. Alipanga marobota upya. Alimfuata baba jikoni, akasimama mlangoni kama mkwe, akamwomba amwachie mgeni kiti siku hiyo. Moyoni alitaka makubwa zaidi, na tulijua sote, maana alishindwa kuyaficha. Alitaka rafiki yake akisikie kile alichokilinda miaka yote, kisha akirudi nyumbani awakusanye wale wengine, na wanne wawe wanne tena.

"Kiti ni chako, bwana," baba alimjibu. "Mgeni wako ni mgeni wetu."

Mimi niliona tumeporwa, nikagoma kuchambua mchele. Mama alinitazama tu, nikauchambua.

Mgeni alikuja kwa metro Jumapili mchana, mtu mnene mpole, mwenye vifaa vya kumsaidia kusikia masikioni. Yeye na Anko wakakumbatiana mpaka mabegani kukasikika mgongano. Alikula chapati za mama na kusifia kila kitu. Kisha akakaa kwenye kiti cha baba, akakipandisha kidogo, na kuanza. Lazima niseme ukweli, alipiga vizuri. Alipiga moja kwa moja bila madoido, na Anko kando yake alikuwa amefumba macho.

Sasa nikueleze desturi ya baba, maana ndiyo iliyoleta balaa. Kwenye bendi zao za Morogoro, mwanamuziki mgeni akipanda jukwaani, katikati ya wimbo magitaa hunyamaza, hubaki besi na dramu pekee zikitembea polepole, na mwenyeji humwuliza mgeni huko alikotoka yuko na nani. Mgeni huwataja wenzake, sauti ni fulani, gitaa ni fulani, na ukumbi humpigia makofi kila anayetajwa hata kama hajawahi kuonekana. Ni heshima. Humpokei mtu kama yatima wakati ana kwao.

Baba aliinua mkono, magitaa yakanyamaza, akachukua maikrofoni. "Karibu sana mgeni wetu! Hebu tuambie, huko kwenu uko na nani?"

Mkenya akatafsiri kwa Kiingereza, huku anacheka. "Buda anataka lainapu yako, wote, mmoja mmoja!"

Mgeni naye akafurahi. Alikuwa anagusa sahani za dramu taratibu, kichwa kikifuata, na jambo hili jipya lilimpendeza. Akamtaja kwenye sauti yule yule mwimbaji aliyehamia mji mkubwa. Anko alifumbua macho, tabasamu lilikuwa bado lipo. Akamtaja kwenye gitaa yule yule aliyeokoka. Dramu, akasema, ni mimi. Kisha, kabla hajajisikia anachokisema, akamtaja wa besi. Lilikuwa jina la kike. Binti wa mwimbaji, akaongeza, ana kipaji sana.

Mkenya hakutafsiri. Nami kwa Kiingereza changu cha shule nilishaelewa. Baba peke yake hakuelewa, akapiga makofi kwa nguvu, kama inavyotakiwa, akigeuka kututazama sisi wengine mbona hatupigi. Na kwa kuwa wakati ule ni besi na dramu tu zinazolia, Anko hakuwa na pa kujificha. Vidole vyake viliendelea. Hakukosea hata mara moja, na hilo ndilo lililonitia uchungu.

Wimbo ulipokwisha alimwuliza mgeni kwa Kiingereza, labda ili na sisi tusikie. "Tangu lini?"

"Muda sasa. Tulirudiana polepole. Tulihitaji mtu wa besi."

"Mtu wa besi mnaye."

"Wewe uliondoka," mgeni alisema, kwa upole kabisa. "Sisi wote tulirudi nyumbani. Wewe ndiye uliyeondoka. Hatukujua hata kama bado unapiga."

Hakuwa mtu mbaya, naomba usimchukie. Alikunywa chai yake, akamshukuru mama, na kwenye ngazi alimwambia Anko kwamba akija kwao kiangazi watamkaribisha jukwaani, wimbo mmoja. Anko alimsindikiza hadi kituo cha metro. Baba alipoelezwa alichokifanya alikaa juu ya robota akashika kichwa, na ubwabwa wa siku ile ulirudi juu na sufuria yake.

Jumapili iliyofuata tuliamini hatakuja. Alikuja. Baba alianza kuomba radhi, Anko akamkatiza, akamwambia aulize tena, safari hii amwulize yeye. Baba akauliza kwa sauti ndogo, uko na nani? Anko akatutaja. Sauti, dada wa saluni. Gitaa, Mkenya. Dramu, baba. Besi, akasema, ni mimi. Halafu akatutangazia kwamba bendi haina jina tena, jina limerudi kwa wenyewe. Walipiga vibaya kuliko siku zote, na nadhani hiyo ndiyo siku niliyokoma kumnunia mtu.

Kikosi kile nacho hakikudumu, kwani hapa kinadumu nini? Dada wa saluni aliolewa Foshan. Mkenya alimaliza masomo. Kisha viza ya baba ikakataliwa, tukafunga mizigo kwa selotepu ile ile, kraaa. Anko alikuja kutuaga na baba akamwambia aanze mapema kutafuta mpiga dramu.

"Safari hii sitafuti," Anko alisema.

Mimi nililiona ni neno zuri kuliko yote niliyowahi kusikia. Baba alikasirika. "Tafuta mtu, bwana. Nimekalia viti vya wengi, na wengi wamekalia vyangu, hakuna aliyekufa. Usipotafuta umenizika mimi." Anko alitikisa kichwa tu. Ndani ya ndege baba hakugusa chakula, na mimi, kwa akili ya kitoto, nilidhani anaogopa kuruka.

Safari hii nimerudi kununua mzigo, na leo asubuhi nilikwenda kwenye lile jengo letu. Mlinzi alinionea huruma akanifungulia ngazi za chini. Stoo imepakwa rangi nyeupe, ina kiyoyozi, imejaa makava ya simu hadi darini, na kijana mmoja aliniuliza nataka aina gani. Sikutaka aina yoyote. Jengo zima sikumkuta mtu anayemkumbuka Mswidi mwenye ndevu, na namba yake tuliyokuwa nayo ilikufa zamani. Watu wanasema Xiaobei imepoa, Waafrika wamepungua, na ni kweli, lakini hilo halikunichosha. Nilichoka kwa sababu tangu uwanja wa ndege nilikuwa nikitegemea kushuka zile ngazi na kumkuta mtu nisiyemjua amekalia kiti cha baba.

Jioni baba alipiga simu kutoka nyumbani. Siku hizi hatoki kitandani bila kushikwa, na pumzi yake unaisikia kabla ya maneno. Hakuniuliza habari za mzigo.

"Ulifika kule chini?"

"Nilifika, baba."

"Wamepata mtu?"

Nilitazama dirishani, watu wanapita na mifuko yao. "Wamepata, baba."

"Anapigaje?"

"Hovyo tu."

Alicheka mpaka nikamsikia mama akimwambia apumzike. "Mwacheni," alisema, "atazoea."